Tairi la 28 Ambalo Si la 28: Kuchagua na Kufunga Vipuri vya Baiskeli za Chuma za Zamani

Baiskeli ya babu, Raleigh nyeusi yenye breki za vyuma, ilikaa stoo miaka mingi kabla sijaamua kuiamsha. Tairi la nyuma lilikuwa limepasukapasuka kama udongo wa kiangazi, na maandishi yaliyobaki ubavuni yalisomeka 28. Nikaenda dukani hapa Tanga, nikaomba tairi la 28, nikapewa jipya lenye kashata nzuri. Nyumbani tukapambana nalo, mimi, mdogo wangu na bisibisi mbili, mpaka waya wa tairi ukapinda. Halikuingia. Kesho yake fundi anayekaa chini ya mwembe alilitupia jicho mara moja tu: "Hili ni ishirini na nane, kijana, lakini siyo ishirini na nane yako."

Maneno yale yalinikera, kwa sababu yalionekana kama kitendawili cha kuniongezea gharama. Kumbe ni ukweli mtupu, na ukiuelewa huo umeelewa nusu ya shida zote za vipuri vya baiskeli hizi. Majina ya vipuri hayasemi vipimo vyake. Mengine yanasema kipimo cha kitu kingine, mengine yanasema kipimo kilichokuwa sahihi enzi za mababu, na mengine ni mazoea ya dukani tu.

Tuanze na hiyo 28. Zamani namba ya gurudumu ilitaja upana wa nje, kutoka ukingo hadi ukingo, tairi likiwa limejazwa upepo. Haikutaja ringi. Kwa hiyo ringi kubwa yenye tairi jembamba na ringi ndogo yenye tairi nene ziliweza kubeba namba moja. Tairi la baiskeli za breki za vyuma huandikwa 28 × 1½, na mahali linapokaa kwenye ringi pana kipenyo cha milimita 635. Ukiongeza unene wa tairi, milimita 40 kila upande, unapata 715, yaani inchi 28 na kidogo. Tairi lingine huandikwa 28 × 1.75, na ringi yake ni 622. Ongeza milimita 47 kila upande: 716. Kwa nje ni mapacha. Kwa ndani zimepishana milimita 13, na waya wa tairi haunyooki hata milimita moja. Nililonunua mimi lilikuwa la 622.

Mambo yakazidi kuharibika pale matairi yalipoanza kutengenezwa membamba kwa ringi zilezile, majina yakaachwa yalivyo. Baiskeli ya mbio yenye tairi la 700 × 23 inatumia ringi ya 622, na wapo wanaoiita gurudumu la 28, ingawa ukilipima kwa nje linakaribia inchi 26 na robo. Hiyo 700 yenyewe ni hesabu ya Wafaransa ya upana wa nje kwa milimita. Wao waliongeza herufi kutofautisha: 700A ni ringi ya 642, 700B ni 635, na 700C ni 622. Kwa hiyo tairi la babu, kwa Kifaransa, ni 700B.

Kwa magurudumu ya 26 hali ni mbaya zaidi. Inchi 26 × 1⅜ ni ringi ya 590. Inchi 26 × 1½ ni 584. Inchi 26 × 1.75 au 2.1, za baiskeli za milimani zilizojaa kila mtaa, ni 559. Na iko 26 × 1¾ ya Kimarekani, ambayo ni 571, haiingiliani kabisa na ile 1.75 japokuwa mwalimu wa hesabu atakuapia kwamba robo tatu na nukta saba tano ni kitu kimoja. Kwenye baiskeli si kitu kimoja. Ukiona tairi moja limeandikwa kwa sehemu na jingine kwa desimali, yachukulie kuwa wageni kwa wageni mpaka uthibitishe.

Dawa ipo, na imechapishwa kwenye tairi lenyewe kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma: namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 40-635. Ya kwanza ni unene wa tairi, ya pili ni kipenyo cha ringi pale waya unapokaa. Ya pili haina mjadala, lazima ilingane. Ya kwanza ina nafasi ya kupanda na kushuka kidogo, ili mradi tairi lipite kwenye uma na chini ya madigadi. Kama maandishi yamefutika, chukua tairi lako bovu, lilaze juu ya jipya palepale dukani, waya kwa waya. Muuza duka akinuna, mwache anune. Tyubu haina masharti makali hivyo, kwani mpira unavutika, na tyubu ya 622 hukaa kwenye 635 bila malalamiko. Angalia tu tundu la vali kwenye ringi. Vali nyembamba ya baiskeli za mbio ikiwekwa kwenye tundu pana itachezacheza hadi ikatike shingoni.

Sasa twende kwenye baiskeli nzima, maana tairi ni kionjo tu.

Hizi tunazoziita baiskeli za zamani zina asili moja, ile baiskeli nzito ya Kiingereza ya kwendea kazini, ambayo Raleigh ya Nottingham na viwanda vya Birmingham viliitawanya duniani kote. Flying Pigeon ya Tianjin, iliyoanza mwaka 1950, ina umbo hilohilo. Vivyo hivyo Phoenix ya Shanghai, na Hero ya Ludhiana iliyoingia kwenye baiskeli mwaka 1956. Wakenya waliibatiza Black Mamba. Boda boda za kwanza pale Busia, kabla injini haijaingia kwenye jina hilo, zilikuwa hizihizi zikivusha watu mpakani zikiwa na mto wa sponji kwenye keria. Ukizipanga ukutani, kwa macho ni ndugu wa tumbo moja. Undugu huo unaishia pale unaposhika spana.

Fremu ndiyo yenye kauli ya mwisho, kwa sababu kila kitu kingine kinaweza kununuliwa upya. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, iulize fremu mambo matatu: tredi zake, yaani mistari ya skrubu, ni za aina gani, nafasi kati ya masikio ya nyuma, pale ekseli ya gurudumu inapokaa, ni milimita ngapi, na bomba la kiti lina kipenyo gani kwa ndani.

Tredi ndizo zinazowaumiza watu wengi, na mimi nimo. Angalia lile bomba fupi la chini linalopitisha ekseli ya pedeli. Pande zake mbili huingia vikombe vya chuma vyenye tredi kwa nje. Katika baiskeli nyingi za Kiingereza, na zilizofuata mkondo huo, kikombe kina kipenyo cha inchi 1.37 na tredi 24 kwa kila inchi. Raleigh wa Nottingham walikuwa na lao: inchi 1⅜ na tredi 26 kwa inchi. Tofauti ya kipenyo ni kama sehemu moja ya nane ya milimita, jicho halioni. Tofauti ya tredi utaiona tu kwa kuhesabu.

Kwa nini wajitenge? Kiwanda kile kilikuwa kikubwa kiasi kwamba karibu kila kitu kilitoka ndani ya himaya yake, kuanzia fremu na mikono ya pedeli hadi habu (vitovu vya magurudumu) zenye gia. Tredi 26 ilikuwa kipimo cha kawaida cha baiskeli za Kiingereza siku za mwanzo. Wenzao walipohamia kwenye 24 kwa sehemu zile kubwa, Raleigh hawakuona sababu ya kubadilisha mitambo yao. Mwaka 1957 wakanunua hata idara ya baiskeli ya BSA, kampuni ambayo watu bado wanaitaja wakisema "tredi ya BSA" kumaanisha ile ya 24. Wakati huo wote baiskeli zao zilikuwa zinapanda meli kuja kwetu.

Kupima hakuhitaji chombo cha ajabu. Weka rula kwenye kikombe cha zamani ukihesabu tredi ndani ya nusu inchi: zikiwa 12 una ya 24, zikiwa 13 una ya 26. Pima pia upana wa bomba lenyewe kutoka upande hadi upande. Kiingereza cha kawaida ni milimita 68, Raleigh hukupa 71 au hata 76. Ukikuta 70, huenda mbele yako pana fremu ya Kiitaliano, na hiyo ina kipenyo cha milimita 36 na habari zake nyingine.

Kwa mkono, kipuri kisicho chake hujisema chenyewe. Kikombe cha tredi 24 kitaingia kwenye fremu ya 26 mizunguko miwili au mitatu, kisha kitagoma. Hapo ndipo shetani anapokunong'oneza uchukue spana ndefu. Ukimsikiliza umekwisha: kipuri cha bei ndogo kitakuwa kimekula tredi za fremu ambayo haitengenezwi tena. Sheria ninayoifuata sasa ni kwamba kitu chochote chenye tredi kiende kwa vidole mizunguko mitano, ndipo spana iguse.

Na kabla hujaanza kulazimisha, hakikisha unazungusha upande unaotakiwa. Kikombe cha upande wa mnyororo, kwa baiskeli za Kiingereza, kina tredi ya kushoto. Unakaza kwa kuzungusha kinyume cha saa. Pedeli ya kushoto nayo ni ya kushoto. Kwa pedeli sihangaiki kukumbuka saa inazungukaje. Naweka spana juu ya pedeli ikiwa imesimama, nikiisukuma kuelekea mbele ya baiskeli ninakaza, kuelekea nyuma ninalegeza, pande zote mbili. Tredi ya pedeli yenyewe kwa kawaida ni inchi 9/16 yenye tredi 20. Za Kifaransa za zamani ni milimita 14, karibu mno na 9/16 kiasi cha kudanganya na mbali vya kutosha kuharibu.

Nati za ekseli za magurudumu ni mtego mdogo wa jamii hiyohiyo. Habu ya gia ya Sturmey-Archer ina ekseli ya inchi 13/32 yenye tredi 26, wakati habu nyingi nyingine za nyuma ni milimita 10. Nati hizo usizichanganye kwenye kopo moja. Nami nilizichanganya.

Tukiwa bado hapo chini, tuzungumze kotapini, maana hakuna kipuri kidogo kinachotukanwa zaidi ya hiki. Mikono ya pedeli ya baiskeli hizi haibanwi kwa bolti kama za kisasa. Inashikwa na pini yenye ubapa upande mmoja, inayopita kwenye mkono na kubana ubapa wa ekseli kama kabari. Ikikaa vizuri, inadumu miaka. Ikikaa vibaya utasikia "tok" kila mzunguko wa pedeli, na baada ya wiki chache pini imechujuka na ubapa wa ekseli umeanza kuviringika.

Pini nazo zina vipimo. Za Kiingereza kwa kawaida ni milimita 9.5, na za Kifaransa mara nyingi ni 9. Tofauti ya nusu milimita inatosha kufanya pini ipite hadi kichwa bila kubana chochote, na nati ikikazwa juu yake mtu anadhani kazi imekwisha. Nati haifanyi kazi ya kuvuta pini. Kazi yake ni kuizuia isirudi. Kinachoiingiza pini ni nyundo au kibano, kisha nati inafuata.

Unapogonga, usigonge mkono wa pedeli ukiwa unaning'inia hewani, kwa sababu nguvu yote itapita kwenye ekseli na kwenda kuchimba vikombe kupitia gololi. Simamisha kipande cha bomba la chuma sakafuni, kipana kiasi cha pini kupita ndani yake, mkono wa pedeli uketi juu ya bomba hilo. Hapo nguvu inakwenda chini. Piga mara chache kwa uzito, si mara nyingi kwa woga. Kutoa pini ni vilevile. Legeza nati mpaka ilingane na ncha ya tredi, isitoke kabisa, ili nyundo isiipondeponde tredi, halafu piga pigo moja la kweli.

Pini mbili huingia kwa kupishana. Mikono ikiwa imelala usawa wa ardhi, nati moja itatazama juu na nyingine chini. Ukiziweka zote upande mmoja, mikono haitakuwa kwenye mstari mmoja na utapedali kama mtu mwenye mguu mfupi. Ikiwa pini mpya haiingii vya kutosha, tredi yake haitokezi upande wa pili, piga tupa kwenye ubapa wake kidogo kidogo, na kiasi kilekile kwa pini zote mbili. Endesha kama kilomita ishirini, kisha rudi uigonge tena na kukaza nati. Watu wanaoruka hatua hii ndio wanaosema kotapini ni teknolojia mbovu.

Unaweza kubadilisha mfumo mzima uwe wa bolti, ekseli ya pembe nne na beringi zilizofungwa pamoja? Kwa fremu ya milimita 68 yenye tredi 24, ndiyo, bila shida. Kwa Raleigh ya tredi 26 si rahisi, na kwa maoni yangu haina haja. Ekseli ikiwa nzima, gololi mpya na pini nzuri zinamaliza kazi kwa gharama ndogo. Gololi za hapo kwa kawaida ni za robo inchi, 11 kila upande zikiwekwa huru bila kikapu chake. Habu ya nyuma ni robo inchi, 9 kila upande. Ya mbele ni ndogo, inchi 3/16, 10 kila upande. Badilisha zote kwa pamoja. Gololi moja mpya kati ya kumi zilizochakaa ni kubwa kuliko wenzake kwa unywele, na ndiyo itakayobeba mzigo peke yake.

Magurudumu yana fumbo lake, na ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote. Waingereza walikuwa na desturi ya kuweka spoki 32 mbele na 40 nyuma, wakati sehemu kubwa ya Ulaya iliweka 36 na 36. Desturi ya Kiingereza ina mantiki, kwani gurudumu la nyuma ndilo linalobeba mtu, keria na gunia. Lakini maana yake ni kwamba ringi nzuri ya matundu 36 uliyoiona sokoni haiwezi kuingia kwenye habu ya 40. Hesabu matundu ya habu na ya ringi kabla ya kutoa pesa. Hakuna fundi anayeweza kuongea na namba hizo zikakubali.

Halafu kuna umbo la ringi. Breki za vyuma, zinazovutwa kwa fimbo badala ya waya, hazibani ringi kutoka ubavuni. Zinavuta raba kwenda juu, zikagusa upande wa ndani wa ringi, ule unaotazama ekseli. Kwa hiyo ringi lazima iwe na njia mbili laini za mviringo pande zote za mstari wa spoki. Umbo hilo linaitwa Westwood. Ringi yenye ubavu bapa kwa ajili ya breki za waya inaitwa Endrick, na raba za fimbo hazina pa kukaa juu yake. Katikati yake iko Westrick, yenye ubavu bapa na njia za ndani pia, inayokubali breki za aina zote mbili. Ukiipata Westrick ya matundu 40, nunua hata kama hujui utaitumia lini.

Umbo hilo linabadilisha hata namna ya kunyoosha gurudumu. Mafundi wengi siku hizi wamezoea kuangalia gurudumu likiyumba kushoto na kulia, kwa sababu breki za ubavuni zinajali hilo. Breki ya fimbo inajali zaidi kupanda na kushuka. Gurudumu lenye yai, yaani lisilo mviringo kamili, litaivuta raba mara moja kila mzunguko, na utahisi breki inakupiga mkononi kama moyo. Mwambie fundi anyooshe kimo kwanza, mayumbo baadaye.

Na tusidanganyane kuhusu nguvu ya breki hizi. Ringi ya chuma yenye kromu ikilowa, raba inateleza, na kwenye mteremko wa Lushoto siku ya mvua hutaki kugundua hilo ukiwa na mtu kwenye keria. Ringi ya aluminiamu hushika vizuri zaidi kwenye maji, lakini za umbo la Westwood ni adimu. Kama baiskeli ni ya kubeba watu au kushuka milima, badala ya kuhangaika na raba ningefikiria habu ya mbele yenye breki ya ngoma ndani yake. Inakula uhalisi wa baiskeli, ndiyo. Meno yangu nayo yana uhalisi wake.

Nafasi ya masikio ya nyuma ndiyo sehemu ambapo chuma kinaonyesha wema. Baiskeli za gia moja za aina hii zina kama milimita 110 hadi 114. Habu za baadaye zilipanuka kuwa 120, 126, 130 na 135. Fremu ya aluminiamu ukiipanua unaiua, ya chuma inakubali kupanuliwa kiasi bila joto. Fundi anapanua upande mmoja, kisha mwingine, kisha anahakikisha kwa uzi. Funga uzi kwenye sikio moja, uzungushe mbele ya bomba la usukani, uurudishe kwenye sikio la pili, ukaze. Pima umbali kutoka uzi hadi bomba la kiti pande zote mbili. Ukiwa sawa, fremu imenyooka. Ukipishana, kuna upande uliopinda zaidi ya mwenzake. Kipimo hiki kifanye hata kabla hujanunua baiskeli ya zamani. Muuzaji atakushangaa, lakini utajua kama iliwahi kugongwa.

Mnyororo ni rahisi. Kila pingili ya baiskeli hizi ni nusu inchi kwa urefu. Kinachotofautiana ni upana: inchi ⅛ kwa baiskeli za gia moja na za gia za ndani ya habu, 3/32 kwa zenye gia za nje. Mpana utapita juu ya sproketi (gurudumu la meno) nyembamba, mwembamba hautaingia kwenye sproketi nene. Kujua kama umechakaa, pima pingili 24 za mnyororo uliovutwa. Ukiwa mpya ni inchi 12 kamili. Ukizidi kwa 1/16, badilisha. Ukizidi kwa ⅛, tayari umeshakula meno ya sproketi na utanunua vyote.

Ukinunua sproketi, usirudishe tu idadi ileile ya meno kwa mazoea. Baiskeli yenye meno 46 mbele na 18 nyuma inakwenda karibu mita 5.7 kwa kila mzunguko wa pedeli. Ni raha kwenye lami tambarare ya pwani. Mwenye kubeba ndoo za maji mlimani atakuwa na furaha zaidi na 44 kwa 22, ambayo ni mita 4.5. Ni mabadiliko ya bei rahisi kuliko yote na yanayohisiwa zaidi ya yote. Friwili, yaani sproketi ya nyuma, yenye meno mengi itahitaji pingili moja au mbili za ziada, na masikio marefu ya nyuma yatakusaidia kukaza.

Baiskeli ya babu haikuwa ya gia moja. Nilipofuta grisi kwenye habu nilikuta imeandikwa Sturmey-Archer AW, na chini yake namba za mwaka na mwezi wa kutengenezwa, kwa hiyo niliijua siku yake ya kuzaliwa kuliko ninavyoijua ya babu mwenyewe. AW ni habu ya gia tatu iliyoanza mwaka 1936. Gia ya kati ni moja kwa moja, ya kwanza inapunguza mwendo kwa robo, ya tatu inaongeza kwa theluthi. Kampuni ilihamia mikononi mwa SunRace wa Taiwan mwaka 2000, na vipuri vya habu hii bado vinapatikana, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu simu niliyonunua miaka mitano iliyopita.

Wengi huitupa AW wakisema gia zinaruka, wakati shida ni waya wa gia tu. Weka gia ya kati. Tazama kwenye kidirisha cha nati ndefu ya upande wa kulia, pale mnyororo mdogo unapoingia kwenye ekseli. Mwisho wa kijiti chake unatakiwa ulingane na mwisho wa ekseli. Rekebisha waya mpaka ilingane, na kwa kawaida ugonjwa unaishia hapo. Kati ya gia ya pili na ya tatu kuna nafasi tupu isiyoshika chochote, na waya ukilegea, mguu unakwenda chini bila upinzani. Usisimame juu ya pedeli kabla hujarekebisha. Ndani ya habu hiyo weka mafuta mepesi kupitia kishimo chake, si grisi.

Kuhusu usukani na kiti nitasema kwa kifupi. Shingo ya usukani kwa kawaida ni milimita 22.2. Nguzo ya kiti kwa Raleigh nyingi za kawaida ni 25.4, lakini fremu nyepesi za mabomba ya Reynolds 531 huwa na 27.2, na katikati yake vipimo vinapanda kwa milimita 0.2 kila hatua. Nguzo iliyopungua 0.2 itazama polepole ukiwa barabarani. Kipande cha kopo la soda kikizungushwa kinasaidia, ni ufundi wa mtaani na sina ugomvi nao kwa muda mfupi. Ila nguzo ya aluminiamu ndani ya fremu ya chuma, kwa hewa yetu ya chumvi, itashikana kama imechomelewa. Paka grisi, na kila miezi michache ilegeze na kuizungusha.

Tairi la 635 nililipata hatimaye, duka la nne, kwenye rundo la matairi ya Kihindi lililofunikwa vumbi. Muuzaji alisema haya hayaulizwi siku hizi. Nikanunua mawili. Lile la 622, lenye waya uliopinda, bado linaning'inia kwenye msumari stoo. Mdogo wangu analiita tairi la elimu, hasa nikiwa na wageni.